Pedi Moja, Watu Kumi

Kila inapotangazwa gemu kubwa ya hadithi, kabla watu hawajajua hata jina la mhusika mkuu, swali la kwanza huwa lile lile: tunaweza kucheza wawili? Ni swali la haki. Gemu ni ghali, wikiendi ni fupi, na raha ya kuwa na mwenzako haihitaji utetezi. Lakini swali hili limegeuka polepole kuwa dai. Gemu isiyokuwa na nafasi ya mchezaji wa pili inaonekana imepungukiwa, kama nyumba ambayo fundi amesahau kuweka mlango wa nyuma. Na dai hilo likifika kwetu huvishwa kanzu ya utamaduni: sisi Waafrika ni watu wa pamoja, hadithi tulizisimuliana tukiwa tumeota moto, kwa hiyo gemu ya mtu mmoja ni jambo la kigeni.

Nataka kubishana na dai hilo nikiwa Nyangoto. Nyangoto ipo Tarime, mkoani Mara, jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara, katika eneo ambalo Watanzania wengi hulijua kwa jina la Nyamongo. Sichagui Nyangoto kwa sababu ina studio ya gemu; haina. Naichagua kwa sababu ni mahali ambapo karibu hakuna kijana anayecheza gemu akiwa peke yake chumbani. Ukitaka kujua gemu ya hadithi inapata nini na inapoteza nini ikiongezewa mchezaji wa pili, nenda pale ambapo watazamaji wapo tayari kabla hujawasha mashine.

*

Tuwape wapinzani wangu hoja yao iliyo na nguvu zaidi. Gemu ninazozungumzia ni zile ambazo unavaa uhusika wa mtu, unajenga uwezo wake, unaongea kwa niaba yake na kuamua maisha yake: wenyewe tunaziita RPG. Mama yao hakuwa kompyuta. Alikuwa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu waliketi kuzunguka meza, mmoja akasimulia ulimwengu, wengine wakasema wanafanya nini ndani yake. Kompyuta ilipokuja ilichukua kiti cha msimulizi, na kwa kuwa mashine nyingi zilikuwa na mtu mmoja mbele yake, marafiki wakabaki nje. Kwa hoja hii, kucheza kwa ushirika ni kurudi nyumbani. Baldur's Gate ya mwaka 1998, mojawapo ya gemu zilizoheshimika sana katika ukoo huu, tayari iliruhusu hadi watu sita kwenye safari moja.

Hoja hii ni kweli kihistoria. Tatizo ni kwamba inasahau alichokuwa akikifanya yule msimulizi wa mezani. Alikuwa mtu. Rafiki mmoja akiondoka kwenda kununua soda, msimulizi alisubiri. Wawili wakibishana, msimulizi aliyatumia mabishano yao kama kuni za hadithi. Mmoja akikaa kimya usiku mzima, alimgeukia na kumuuliza: na wewe, unafanya nini? Kompyuta haimuulizi aliyekaa kimya. Haijui hata kama yupo.

*

Sasa tuingie kibandani. Kibanda cha gemu cha Nyangoto hakina tofauti kubwa na cha Tarime mjini, cha Mugumu au cha Mbagala: mabati, benchi la mbao, televisheni mbili au tatu, PlayStation zilizoshabiriwa na vumbi, na mwenye kibanda anayehesabu mechi kwa macho huku akichaji simu za watu. Mfalme wa hapa ni mpira. Unalipia mechi, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Hiyo ndiyo gemu ya watu wawili ya kweli ya Afrika Mashariki, na haidai hadithi yoyote zaidi ya ile ya Simba na Yanga.

Lakini kila kibanda kina saa yake ya uvivu, mara nyingi mchana wa siku ya kazi, ambapo hakuna wa kucheza naye mpira. Hapo ndipo gemu za hadithi hutolewa. Kwa kizazi changu ilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004. Kila mtu anakumbuka kufukuzana na polisi. Wachache wanakumbuka kwamba hadithi inaanza na msiba: CJ anarudi Los Santos kumzika mama yake, na kabla hajafika nyumbani askari wachafu wameshamvua hela zake.

Toleo la PlayStation 2 la gemu hiyo lilikuwa na sehemu ya kucheza wawili. Ukifika kwenye alama fulani mtaani, mwenzako anachukua pedi ya pili na mnatembea pamoja mkifanya fujo. Ila sharti lilikuwa hili: hakuna misheni ya hadithi mnayoweza kuifanya wawili. Mama wa CJ analiliwa na mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, ukipenda. Waandishi walijua mchezaji wa pili hana pa kusimama kwenye kaburi lile. Wakampa barabara, wakabaki na msiba wao.

Kibandani tuliicheza sehemu hiyo ya wawili mara chache sana. Tulichokifanya kilikuwa kingine. Mmoja alishika pedi, wengine tukamzunguka. Mmoja alijua njia za mkato, mwingine alikariri kodi za kupata silaha, wa tatu alikuwa na Kiingereza cha kueleza kinachosemwa. Aliyeshika pedi akifa, alimpa mwingine. Kulikuwa na kadi moja ya kumbukumbu kwa kibanda kizima, na ugomvi mkubwa niliowahi kuushuhudia pale haukuhusu mpira. Ulimhusu mtu aliyesevu mchezo wake mpya juu ya hadithi iliyokuwa imefika San Fierro baada ya wiki tatu za watu sita.

Watu sita walilia hadithi moja. Hakuna studio iliyowapangia.

*

Hapa ndipo napowarudia watu wa moto na utamaduni. Ni kweli kwamba hadithi zetu zilisimuliwa kwa wengi. Bibi anaita, wajukuu wanaitikia. Katikati ya ngano kuna wimbo, na wimbo ni wa wote. Lakini angalia umbo lake. Wajukuu wanaitikia, hawaamui. Sungura akifika kisimani, hakuna mjukuu anayesema "mimi nampeleka upande wa pili" na bibi akalazimika kuigawa ngano. Uzi uko mkononi mwa mmoja, na wengine wanauvuta kwa sauti zao bila kuushika. Mpigaji wa litungu wa Kikurya, na nyuzi zake nane, yuko vivyo hivyo: watu wanacheza, wanamjibu, wanamchokoza ili awataje kwa sifa, lakini nyuzi ni zake.

Ilipokuja sinema, tulifanya yale yale. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, akiongeza chumvi na kuwapa wahusika ukoo na makabila. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina mavijee wake. Filamu iliyotengenezwa ili mtu aketi kimya gizani ikageuka baraza, bila mtengenezaji wake kubadilisha picha hata moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba utamaduni wetu unadai gemu za ushirika, namwambia kwamba utamaduni wetu unaonyesha kitu kingine. Unaonyesha uzoefu wa muda mrefu wa mmoja kubeba hadithi na wengi kuibeba pamoja naye kwa masikio, kwa midomo na kwa ubishi. Gemu ya mtu mmoja, ikiwekwa mbele ya benchi, ina umbo hilo hilo. Kinachoivunja ni pedi ya pili.

*

Nieleze namna inavyovunjika, maana hii ndiyo kiini cha ninachokisema.

Mchana mmoja pale Nyangoto kijana wa kidato cha tatu alikuwa akicheza The Walking Dead ya Telltale, ile ya mwaka 2012. Wewe ni Lee, mfungwa aliyepata uhuru kwa bahati siku ambayo dunia ilianza kuoza, na unamlea mtoto asiye wako, Clementine. Katika sehemu ya pili kuna njaa. Lee anapewa chakula akigawe: vipande vinne, na watu ni wengi kuliko vipande. Gemu haikuambii jibu sahihi, kwa sababu hakuna.

Kibanda kililipuka. "Mura, wape watoto kwanza!" Mwingine akasema watoto hawalindi boma, mpe anayefanya kazi. Mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu, ambaye sidhani aliwahi kushika pedi, akauliza kwa utulivu huyo mwenye kugawa mwenyewe amekula lini. Swali lake lilinyamazisha watu. Kijana akagawa: watoto wawili, mzee mmoja, na kipande cha mwisho akampa mtu ambaye benchi zima lilimchukia. Wakamzomea. Hakusema kwa nini. Baadaye yule mtu alipofanya alichokifanya, kila jicho lilimgeukia kijana, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetoa kitu chake.

Sasa fikiria gemu hiyo hiyo ikiwa na wachezaji wanne, kila mmoja na kipande chake cha chakula. Kila mmoja anampa anayempenda. Ugomvi unaisha kabla haujaanza. Hakuna wa kuzomewa, kwa sababu hakuna aliyeamua. Mambo yametokea tu, kama yanavyotokea kwenye kikao ambacho kila mtu alipiga kura na hakuna aliyesema anachoamini. Benchi lilikuwa na sauti kumi, na sauti zile ziliifanya hadithi kuwa nzito kwa sababu zilikuwa zinamwelemea mtu mmoja. Ukizigeuza sauti hizo kuwa pedi, uzito unagawanyika mpaka hausikiki.

Telltale wenyewe walilihisi hili. Mwaka 2016, walipotoa gemu yao ya Batman, waliongeza njia ya watazamaji kupigia kura maamuzi kwa simu zao huku mmoja akiendelea kucheza. Walitambua kwamba mtazamaji ni sehemu ya mchezo, jambo ambalo Nyangoto ilikuwa imelijua bila bando.

*

Wapo walioujaribu ushirika kwa akili na nitawapa sifa yao. Larian, studio ya Ubelgiji, ilitoa Divinity: Original Sin mwaka 2014, gemu ambamo wachezaji wawili wakitofautiana kwenye mazungumzo, wanabishana ndani ya hadithi na kumaliza ubishi kwa mchezo mdogo wa jiwe, karatasi na mkasi. Ni kichekesho, lakini ni kichekesho kinachokiri kwamba watu wawili si mtu mmoja. Baldur's Gate 3, ya studio hiyo hiyo, ilitoka Agosti 2023, ikashinda kila tuzo iliyokuwa na maana mwaka ule, na inaruhusu hadi watu wanne mtandaoni au wawili kwenye skrini iliyogawanywa. Anayeanzisha mazungumzo ndiye anayechagua jibu. Wenzake wanaweza kusikiliza na kuonyesha wanapendelea lipi.

Wanaweza kusikiliza. Wanaweza pia kwenda zao. Ndivyo ilivyo: wewe unaongea na mama aliyempoteza mwanawe, mwenzako yuko ghorofani anafungua makabati. Baada ya saa arobaini yeye ana hadithi yenye matundu na wewe una hadithi yenye mtu anayekuuliza "huyu ni nani tena?" Watu wengi wanaoipenda gemu ile huishia kuicheza mara mbili, mara moja na wenzao kwa kicheko, mara moja peke yao ili waielewe. Hilo si tusi kwa Larian. Ni ushahidi kwamba kuna vitu viwili ndani ya sanduku moja.

Na sanduku lina gharama. Toleo la Xbox la Baldur's Gate 3 lilichelewa hadi Desemba 2023, kwa sababu skrini ya kugawana ilishindwa kukaa vizuri kwenye Series S, mashine ndogo na ya bei nafuu zaidi ya Microsoft. Ilipotoka kwenye mashine hiyo, mwanzoni ilikuwa bila skrini ya kugawana. Litazame jambo hilo kutoka kibandani: sehemu iliyoondolewa ni ile ambayo watu wawili wasio na intaneti wangeweza kuitumia wakiwa benchi moja, na iliondolewa kwenye mashine ambayo mtu wa kipato cha chini angeweza kuimudu. Ushirika uliobaki wakati ule ulikuwa wa mtandaoni, wenye kudai bando, mtandao usiokatika, na nakala moja kwa kila mchezaji. Tunaambiwa gemu za ushirika ni za kuleta watu pamoja. Mara nyingi zinaleta pamoja watu ambao kila mmoja ana chumba chake.

Wengine walilipa zaidi ya ucheleweshaji. Bethesda walipotoa Fallout 76 Novemba 2018, waliwatoa binadamu wote wa hadithi ili wachezaji wa kweli wajaze nafasi zao. Ukabaki ulimwengu wa roboti, barua na kanda za sauti za marehemu. Wachezaji walikutana, wakapungiana mikono, wakarushiana risasi. Hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Aprili 2020 studio ililazimika kuwarudisha wahusika wenye kuongea. Miaka sita kabla ya Fallout 76, Mass Effect 3 ilifanya kosa dogo lakini la kuudhi zaidi: utayari wa majeshi yako kwa vita vya mwisho ulianzia nusu, na njia kuu ya kuupandisha ilikuwa kwenda kucheza mtandaoni na wengine. Yaani watu waliokuwa wamemlea Shepard wao kwa gemu tatu waliambiwa mwisho wake unategemea mechi na wageni.

*

Sisemi kwamba hadithi haiwezi kuwa na wawili. Zipo hadithi ambazo ni za wawili tangu mzizi. It Takes Two, ya mwaka 2021, haichezeki peke yako kabisa: ni mke na mume wanaotaka kuachana, wamegeuzwa vidoli na huzuni ya binti yao, na kila mmoja ana kifaa ambacho hakina kazi bila cha mwenzake. Ukimchoka uliyeketi naye, umeicheza sawasawa. Journey, ya mwaka 2012, inakukutanisha jangwani na mgeni asiye na jina wala maneno, mnaitana kwa mlio tu, na majina yanatokea mwisho baada ya safari kwisha. Hidetaka Miyazaki ameeleza kwamba wazo la wageni kusaidiana katika Demon's Souls ya mwaka 2009 lilitokana na magari yaliyonasa kwenye kilima chenye theluji, ambapo kila gari lilisukumwa na la nyuma yake, na hakuna aliyeweza kusimama kumshukuru mwenzake bila kunasa tena.

Kinachoziunganisha gemu hizo tatu kinaeleweka haraka na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na wachimbaji wadogo. Kwenye duara la dhahabu hakuna mashujaa wanne. Kuna anayeshuka, kuna anayevuta kamba, kuna anayepeleka mawe karasha, kuna mwenye duara, na kila mmoja ana mgawo unaojulikana. Aliye chini hawezi kufanya kazi ya aliye juu hata akitaka, na maisha yake yako kwenye mikono asiyoiona. Huo ndio ushirika. Gemu nyingi zinazoongezewa wachezaji zinafanya kinyume: zinachukua hadithi ya mtu mmoja na kuipiga chapa mara nne, kila nakala ikiwa na upanga wake, zote zikiitwa mteule. Wateule wanne kwenye duara moja, hakuna wa kuvuta kamba.

*

Gemu ambayo ningependa zaidi kuiona kwenye benchi la Nyangoto ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Si RPG kamili. Ni ya kuruka, kupigana na kutafuta njia. Lakini ni hadithi iliyokuja hadi mlangoni petu. Mtunzi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Salim amesema wazi kwamba ilizaliwa na kifo cha baba yake. Ndani yake, Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea roho tatu kubwa, naye amrudishie Baba. Kalunga anatembea naye safari nzima, mzee mpole anayejua mwisho na hausemi.

Ina udhaifu. Kalunga hufafanua huzuni ambayo picha zilikuwa zimeshaisema, na mapigano yanajirudia: mlango unafungwa, mapepo yanashuka, mlango unafunguliwa. Ni fupi pia. Watu wengine walitamani iwe na mchezaji wa pili, na ni rahisi kuona wangemweka wapi. Zau ana vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi, kila kimoja na silaha zake. Mpe mmoja Jua, mwingine Mwezi, biashara imeisha.

Biashara ingeisha kweli. Nafasi ya mwenza katika gemu ile imeshachukuliwa, na aliyeichukua ni mauti. Mchezaji wa pili angekuwa shahidi wa kumwondolea Zau upweke, na upweke ndio unaomfanya akubali mapatano ambayo mtu mwenye ndugu wa kumshika bega asingeyakubali. Msibani kwetu watu hujaa. Wanalala nje, wanapika, wanachanga, wanaimba. Sijui desturi yenye huruma kuliko hiyo. Lakini mfiwa anajua kwamba usiku wa manane, turubai likiwa limejaa pumzi za watu, kuna sehemu ambayo hakuna jirani anayeweza kuingia. Zau imejengwa kwenye sehemu hiyo. Benchi lingeweza kukaa naye hapo kama majirani wanavyokaa: karibu kabisa, nje ya pedi.

*

Na kuna sababu ya mwisho, ambayo haihusu umbo la hadithi bali wanaozicheza.

Katika nchi ya Wakurya rika ni kitu kizito. Unatahiriwa na wenzako, unakuwa wa rika hilo mpaka kufa, unasimama nao, unaaibika nao. Vijana wa Nyangoto huamua mengi kwa kundi, mazuri na ya hatari, na mgodi uliopo jirani umewafundisha wengi kwamba kundi hukimbia pamoja lakini anayeumia huumia peke yake. Wasichana wanajua zaidi. Msimu wa ukeketaji unapokaribia, mara nyingi Desemba, wapo wasichana wa Tarime wanaokimbilia nyumba salama kama ile ya Masanga. Msichana wa namna hiyo anakataa mbele ya ukoo mzima, rika lake likiwa limeshapanga foleni. Hakuna mchezaji wa pili kwenye uamuzi ule.

Sitaki kuufananisha uamuzi huo na gemu; gemu ni gemu. Ila naona mahali pa kwanza ambapo kijana mwingine anaweza kushika jambo zito, akasikia kelele za wote, kisha akabonyeza kitufe ambacho wote hawakukitaka, na akabaki na matokeo yake, panaweza kuwa ni pale kibandani. Na kama ni msichana, pengine kibandani hatafika, maana mabenchi yale ni ya wavulana. Itakuwa simu ya dada yake, usiku, sauti ikiwa imezimwa. Kwake yeye gemu ya mtu mmoja ndiyo pekee iliyopo. Anayesema gemu ya aina hiyo imepitwa na wakati hajafikiri ni nani anamfungia mlango.

Mtu atanijibu kwamba najipinga: nimesifu benchi la watu kumi, sasa nasifu upweke. Tofauti ninayoitetea ni kati ya kushauri na kumiliki. Benchi lina haki ya kushauri, kutafsiri, kuzomea, kuimba. Uamuzi uwe wa mwenye pedi. Hayo mawili yanaweza kukaa chumba kimoja bila kudhuriana, na msichana mwenye simu anabaki na lake bila benchi.

Kwa hiyo studio ikija kuuliza wachezaji wa huku wanataka nini, mimi sitaomba nafasi ya mchezaji wa pili kwenye kila hadithi. Ikiwa hadithi ni ya wawili, waitengeneze ya wawili tangu mwanzo, kila mmoja na kazi yake kwenye kamba. Ikiwa ni ya mmoja, waiache. Nitaomba vitu vidogo zaidi: maandishi makubwa yanayosomeka kutoka benchi la nyuma, Kiswahili kwenye mazungumzo, njia ya watazamaji kupiga kura bila intaneti, gemu inayoweza kukaa kwenye mashine ya bei nafuu. Na nafasi nyingi za kusevu, zenye majina ya watu, ili wiki tatu za hadithi zisifutwe tena na mgeni aliyekuja kupiga mpira.